Nilivyokwenda Shauri Moyo Kubishana na Sauti Yangu

Niliondoka Voi kwa sababu ya sauti yangu mwenyewe.

Jumatatu moja baada ya sala ya Magharibi, Zuhura, binti wa marehemu kaka yangu, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Zuhura ni mwalimu wa sekondari, anakaa Komarock, Nairobi, na si mtu wa maneno mengi. Aliandika tu: "Ami, sikiliza hii, uniambie kama si wewe." Nikabonyeza. Nilisikia kwanza mkwaruzo wa kaseti kuukuu, kisha mtu mwenye nguvu za kifua akisema: "Kura ni kumshirikisha Mungu. Anayesimama foleni ya kura amejitoa mwenyewe katika safu ya Waislamu. Na aliyejitoa safuni msimwonee huruma. Mnajua la kumfanya."

Alikuwa mimi. Mimi wa miaka thelathini na kitu iliyopita, karani wa stoo ya reli, mkazi wa Shauri Moyo, katibu wa kamati ya msikiti wetu mdogo. Ninyi mnaonijua hapa Voi kama mzee mpole anayefagia ukumbi wa msikiti hamjawahi kukutana na mtu huyo, na nilikuwa nikiomba msikutane naye.

Mwisho wa kaseti inasikika sauti nyingine, ya utulivu, ikitokea mbali na maikrofoni: "Bwana Katibu, nina swali moja. Na wewe ukikosea..." Hapo sauti yangu inaifunika: "Al-Fatiha!" Kisha mnong'ono wa watu wakisoma, na kaseti inakatika.

Mnajua desturi yetu. Fatiha ikishaitwa mikono hunyanyuka, maneno huisha, na hakuna mwenye adabu atakayesema tena baada yake. Ni baraka ya kufungia kikao. Mimi siku ile niliigeuza kufuli. Aliyeuliza alikuwa Maalim Rajabu, mwalimu wa madrasa, mtu wa asili ya Mumias, aliyenizidi elimu kwa mbali. Nilijua swali lake linakuja na nilijua sina jibu, kwa hiyo nikaita Fatiha. Kaseti ikauzwa nje ya misikiti kila Ijumaa. Siku ya uchaguzi, ule wa kwanza wa vyama vingi, vijana watatu walioisikiliza wakamngojea Maalim nje ya shule ya kupigia kura. Walimpiga hadi sikio lake la kushoto likafa. Wazee waliponiuliza nani aliwachochea, nilisema sijui. Baada ya miezi michache nilipata uhamisho wa kuja Voi. Niliuita uhamisho. Nilikuwa nimeuomba mwenyewe.

Nilimpigia Zuhura. "Ni mimi," nikamwambia.

"Nilijua. Ami, msikiti wa Shauri Moyo Jumapili hii unafanya mdahalo, halafu uchaguzi wa kamati. Kura ya siri, wanaume na wanawake, mara ya kwanza. Kuna vijana wameapa sanduku la kura halitaingia msikitini. Wanasambaza kaseti yako. Wanakuita Sheikh wa Kaseti."

"Wanajua ni nani?"

"Hawajui. Wanadhani umeshakufa."

"Hawajakosea sana."

"Usifanye mzaha, Ami. Wiki jana walimpiga kofi mzee wa watu aliyekuwa akiandikisha majina. Mwenyekiti anafikiria kuahirisha yote."

Niliona mambo mawili wazi. Mtu mwingine alikuwa karibu kuumia kwa mdomo wangu, na safari hii nilikuwa na habari mapema. Nikakata tikiti.

Alhamisi, saa nne asubuhi, stesheni ya Voi. Nilipanda treni inayosimama kila stesheni, kwa kuwa sikuwa na haraka ya kufika. Nilikaa dirishani. Baada ya daraja niliona tembo wanne wekundu kwa vumbi la Tsavo, wamesimama kama mawe, na abiria wote wakaruka upande wetu na simu zao. Mtito Andei ikapita, Kibwezi ikapita. Nilikuwa nimebeba daftari la kuandika nitakayosema, lakini hadi Emali nilikuwa nimeandika "Bismillahi" tu.

Katika kiti kile nilijiuliza kwa nini nilisema vile zamani. Nisijionee huruma, lakini nisijisingizie pia. Kabla ya kaseti ile nilikuwa nimezungushwa mwaka mzima kutafuta kitambulisho kipya, nikidaiwa cheti cha kuzaliwa cha babu yangu, kwa sababu tu naitwa Twalibu. Wenzangu wa stoo wenye majina mengine walipata vyao kwa wiki tatu. Hasira yangu ilikuwa na sababu. Hukumu niliyoitoa ndiyo haikuwa na elimu. Nilichukua kidonda changu nikakiita dini.

Alhamisi, saa tisa alasiri, Syokimau, stesheni ya Nairobi. Zuhura alinipokea na gari la jirani yake. "Shikamoo Ami. Umekonda." Tulipita barabara pana ambazo zamani zilikuwa mashamba, hadi Barabara ya Kangundo na nyumba za Komarock, zimepangana na mageti yao. Mezani kwake palikuwa na chapati, maharagwe ya nazi, na karatasi iliyoandikwa majina. Jina lake lilikuwa la pili kati ya wagombea wa ukatibu.

"Kiti changu," nikasema.

"Kilikuwa chako, Ami. Ulikiacha na vumbi."

Nilicheka, lakini ndipo nilipoelewa ya kwamba damu yangu mwenyewe ingekuwa ukumbini vijana wale wakija na fujo. Nilimwomba ajitoe. Akaendelea kukunja chapati, wala hakuniangalia. "Wewe ulijitoa," akasema. "Ilisaidia nani?"

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Jericho, ambako Zuhura aliniambia Maalim Rajabu anaishi. Mtaa haujabadilika sana: nyumba zilezile za kanjo, yaani baraza la jiji, nguo zilezile kwenye kamba, wazee wakicheza drafti kwa vizibo karibu na soko. Nilielekezwa kwa Maalim Rajabu na mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni, jirani yake wa ukuta mmoja. Anaitwa Mama Achieng, ni Mkristo kutoka Siaya, na amekaa hapo tangu mumewe akifanya kazi kanjo.

"Unatafuta Maalim wa nini?" akaniuliza.

"Nilimkosea zamani. Naitwa Twalibu."

Aliweka mwiko chini. "Twalibu wa reli? Wewe ndiye yule? Wewe ndiye umefanya mimi nipige kelele miaka yote hii kumwambia tu maziwa imefika?" Akanitazama juu mpaka chini. "Na vile nilikuwa nimekutayarishia matusi, kumbe wewe ni mzee hivi. Pita. Ongea na sikio la kulia."

Maalim alikuwa ameketi kitandani, koti begani, mzee mwembamba mwenye macho yaliyo hai. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, yote yakanitoka.

"Inuka, Twalibu. Magoti yetu si ya kuchezea," akasema.

"Maalim, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi? Yako mengi."

Nikayataja. Kaseti, Fatiha, siku ya kura, na ile "sijui" niliyowaambia wazee. Alisikiliza ameinamisha kichwa kulia. Nilipomaliza, kelele ya mafuta ya Mama Achieng ilisikika kupitia ukutani.

"Ulinifunga mdomo mbele za watu," akasema mwishowe. "Sasa unataka nikufungulie hapa chumbani, tukiwa wawili, na mandazi?"

"Nitasema mbele za watu. Jumapili."

"Basi radhi nitakupa hapohapo, au nitakunyima hapohapo."

"Utakuja? Nasikia tangu siku ile hujaingia msikiti ule."

"Sijasema nitakuja."

Nilimuuliza swali lile aliloanza lilikuwa linaishia wapi. Tulikuwa tumesikia nusu yake tu, mimi na watu wote. Akatabasamu kidogo. "Umeishi miaka thelathini bila hilo jibu. Vumilia siku mbili."

Nilitoka. Mama Achieng alinifungia mandazi manne kwenye gazeti, akaniambia, "Hizi si za msamaha. Ni za njaa."

Jumamosi, kabla ya Adhuhuri, Shauri Moyo. Nilikwenda peke yangu kuuona mtaa. Nyundo za mafundi wa bati zilisikika kutoka mbali, na njia ya kwenda Gikomba ilikuwa imejaa mikokoteni ya mitumba. Nyumba niliyokaa miaka kumi na saba sasa ina duka la simu mbele yake. Karibu na msikiti kijana mmoja wa miaka ishirini na mitano hivi, ndevu zimechanwa vizuri, alikuwa amepanga viatu vya mitumba juu ya gunia.

"Salaam aleikum, mzee wangu. Size gani? Hii ni ngozi, haitawahi kuisha."

Niliitikia, nikaketi kwenye kigoda chake kujaribu. Alikuwa mchangamfu. Jina lake Idi. Alipoona kofia yangu akauliza kama nitakuja Jumapili, nikasema nitakuja.

"Usiwakubalie, mzee. Wanataka kuleta mambo ya siasa ndani ya nyumba ya Mungu. Simu yako iko na Bluetooth? Wacha nikutumie kitu."

"Kitu gani?"

"Sheikh wa Kaseti. Huyo mzee alikuwa moto, wallahi. Siku hizi hakuna kama yeye, wote wameogopa."

"Alisoma wapi?"

"Madina, wanasema. Alikufa kitambo."

Nilivaa kiatu, nikavua. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Badala yake nikamuuliza kwa nini ana hasira na kura, na uso wake ukabadilika. Alisema kaka yake mkubwa alichukuliwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba, akitoka sala ya Isha, mwaka wa tatu huu. Mama yao amekwenda kila kituo cha polisi. "Mbunge tulimpigia kura sisi wenyewe," akasema. "Hata simu hashiki. Sasa niambie, hiyo kura ni ya nini?"

Nikamwambia ya kweli: "Nimesikia." Kisha nikamuuliza, "Na kesho sanduku likiingia, mtafanya nini?"

Alianza kupanga viatu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. "Wewe kaa mbali na mlango, mzee wangu."

Jumapili, baada ya Adhuhuri, msikitini. Sikukaa mbali na mlango. Nilikaa safu ya tatu, na nyuma yangu, mlangoni hasa, walisimama vijana kumi hivi. Wawili walikuwa na vipande vya bomba vilivyochungulia chini ya kanzu. Ukumbi ulijaa. Juu kwenye roshani, nyuma ya pazia, walikuwa kina mama, na Zuhura miongoni mwao. Sanduku la kura lilikuwa ndoo ya rangi ya lita ishirini, imeoshwa, imetobolewa kifuniko. Ilikuwa bado nje, kwapani mwa mzee yule aliyepigwa kofi. Mwenyekiti, Bwana Nassoro, ambaye zamani tulikuwa naye kamati moja, alifungua mdahalo kwa sauti ya mtu anayetaka uishe. Hakunitambua. Maalim Rajabu sikumwona.

Idi alipewa nafasi ya kwanza. Alisema vizuri, lazima niseme. Alisema hukumu ni ya Mungu peke yake, na wingi wa mikono haufanyi batili kuwa haki. Alisema nchi hii imetupa kura kwa mkono mmoja na pingu kwa mkono wa pili. Kisha akainua simu. "Lakini mimi ni nani? Sikilizeni mtu wa elimu." Akaiweka simu kwenye maikrofoni.

Nilijisikia nikijaza msikiti ule kwa mara ya pili maishani mwangu. Vijana mlangoni walitikisa vichwa. Ilipofika "mnajua la kumfanya," mmoja wao alishika bomba lake vizuri zaidi. Kisha ikaja sauti ya utulivu, "Na wewe ukikosea..." na sauti yangu juu yake: "Al-Fatiha!"

Msikiti mzima ukanyanyua mikono.

Hakuna aliyekusudia. Ni mazoea ya tangu utoto. Fatiha ikiitwa mikono yenyewe huenda juu, na midomo ikaanza kusoma. Hata Bwana Nassoro alisoma. Mimi pia mikono yangu ilikuwa juu kabla sijajua. Watu walipojipangusa nyuso, Idi akasema, "Basi. Kikao kimefungwa," na kweli wengine wakaanza kutafuta viatu, kwa aibu na kwa nafuu. Vijana wakageuka kuelekea nje, ilipokuwa ndoo.

Nilisimama. Sauti, namshukuru Mungu, ilitoka ileile. "Kikao hakijafungwa! Aliyeita Fatiha ile ni mimi, na niliiita kwa hila. Nakifungua kikao."

Idi alinitazama kama mtu aliyeona kiatu kikitembea chenyewe. "Mzee, kaa. Huyo sheikh alikufa."

"Kufa sijafa. Na sheikh sijawahi kuwa. Nimesoma hadi kidato cha nne, nikawa karani wa stoo. Madina sijawahi kufika. Nimefika Makadara hapo."

Kicheko kilianzia roshani, kikashuka chini. Idi hakucheka. "Tutajuaje ni wewe?"

Nikayasema maneno ya kaseti kuanzia mwanzo, kwa kifua kilekile, pumzi kwa pumzi. Nilipofika "msimwonee huruma" Bwana Nassoro alikuwa amesimama, mkono mdomoni. "Ndiye," akasema. "Wallahi ndiye. Twalibu wa reli."

Niliwaambia yote. Niliwaambia nilikuwa na hasira nikaivika kanzu. Niliwaambia kuna mtu aliuliza swali ndani ya nyumba hii, nami nikamziba mdomo kwa sura tukufu kuliko zote kwa sababu sikuwa na jibu, na kwamba wiki chache baadaye mtu huyo alipigwa hadi akapoteza sikio. "Sikurusha ngumi hata moja," nikasema. "Nilizitengeneza tu, nikawagawia watoto wa watu. Na wazee waliponiuliza, nikakana. Ningekuwa na uwezo ningemwomba leo amalizie swali lake."

"Uwezo unao," ilisema sauti kutoka nyuma ya nguzo ya kulia.

Maalim Rajabu alikuwa ameketi hapo tangu mwanzo, kofia imeshuka usoni. Alisimama kwa kushika nguzo. Wazee kadhaa waliomkumbuka walisema "Allahu Akbar" chini kwa chini. Hakuwaangalia. Aliniangalia mimi.

"Bwana Katibu," akasema, kama vile jana tu nilimkatiza, "nilikuwa nauliza hivi. Na wewe ukikosea, tutakuondoa kwa njia gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Nililingoja miaka mingi kwa hofu, na lilipokuja nilitamani lingekuja mapema. "Hamkuwa na njia," nikajibu. "Nilishakosea, na hamkuwa na njia. Kura nilisema ni shirki. Swali nilikuwa nimelifunga. Palibaki ngumi tu. Na anayewaambia watu kwamba hakuna mlango wa kutolea kiongozi ila ngumi, siku ngumi zikianza hazimwendei yeye. Zilikwenda kwako."

Nikamwomba radhi, hapo mbele za watu. Alitega kichwa.

"Sikusikia vizuri. Rudia upande huu."

Msikiti ukaangua kicheko, naye akacheka mwenyewe. Nikamwendea, nikarudia upande wa kulia. Akaniwekea mkono kichwani, akasema kwa sauti ya kufika roshani: "Nimekuridhia, dunia na akhera." Nililia. Sioni haya kuliandika.

Lakini Idi alikuwa bado amesimama na simu yake, na ningependa msomaji asimdharau. "Sawa," akasema, na sauti ilikuwa imepasuka. "Mmesameheana, mashallah. Na kaka yangu? Tumepiga kura miaka yote. Kura imemrudisha?"

Maalim ndiye aliyejibu, polepole. "Haijamrudisha. Ningekudanganya nikisema itamrudisha. Lakini niambie, mwanangu, hilo bomba mlangoni litamrudisha? Waliomchukua hawakuuliza mtu. Hawakushauriana na mtu. Hawakubali kuulizwa hadi leo. Unataka tuwe kama wao ndani ya msikiti wetu? Sisi tumeamrishwa tushauriane. Namna ya kushauriana hatukufungwa nayo. Ndoo hii ni namna moja. Siisujudii. Naitumia kama ninavyotumia birika la udhu."

Idi alisema hakubaliani na mfano wa birika. Alisema wingi ukichagua ubaya, ndoo itakuwa imehalalisha ubaya. Mzee mmoja alimjibu, akajibiwa. Kutoka roshani Zuhura aliomba ruhusa, akauliza ni nani kati ya wanaume waliopo aliyewahi kwenda na mama yake Idi kituo cha polisi. Hakuna aliyejibu. "Kamati isiyochaguliwa na mtu haiogopi mama wa mtu," akasema. "Mimi nikichaguliwa na nisipokwenda naye, mniondoe." Mdahalo uliendelea hadi karibu na Alasiri, mkali, na hakuna aliyeguswa hata kanzu. Mwishowe Idi aligeuka mlangoni.

"Wekeni hizo vitu chini," akawaambia wenzake. Halafu akamwambia Bwana Nassoro: "Mimi sipigi. Sijakubali. Lakini sizuii mtu."

Ndoo ikaingia.

Nami nikapanga foleni ya kura, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilipofika mbele, yule mzee aliyepigwa kofi alipitisha kidole kwenye orodha. "Twalibu... Twalibu... Wewe si mkazi, ndugu yangu. Wewe ni wa Voi."

"Lakini nimetoka Voi kwa ajili ya hii kura!"

"Sheria ni sheria. Kaa hapo nje, utuangalizie viatu."

Basi nikakaa ngazini kulinda viatu, Sheikh wa Kaseti mzima, huku wenzangu wakichagua. Baadaye Idi alikuja akaketi karibu nami. Tulilinda viatu pamoja. Vigelegele vya roshani vilipolipuka hakuna aliyehitaji kutuambia: Zuhura alikuwa amepata ukatibu, kwa kura za wanawake na za wanaume. Vilisikika hadi kwa mafundi wa bati, kwa sababu nyundo zilinyamaza. Niliinua mikono nikapiga kelele kama kijana aliyefunga bao la ushindi, kofia ikaanguka. Idi aliiokota, akaipangusa, akanivika.

"Bado sijakubali," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Kesho kutwa mwambie Katibu."

Jumatatu asubuhi, Syokimau. Zuhura alichelewa kunileta stesheni, kwa sababu saa mbili alikuwa kituo cha polisi pamoja na mama yake Idi na wanakamati wawili. Hawakupewa jibu, lakini kwa mara ya kwanza walipewa karatasi yenye muhuri kwamba wameuliza. Maalim alikuja naye kuniaga. Nilimuuliza kama sasa atarudi kusali Shauri Moyo. "Ijumaa moja moja," akasema. "Mama Achieng ataniuliza habari, lazima nimpelekee."

Treni ilishuka Athi River, Emali, Kibwezi. Tembo sikuwaona. Nilifungua daftari na safari hii kalamu ilikwenda, na haya mnayoyasoma nilianza kuyaandika pale. Nimejifunza nini? Kwamba jeuri katika dini yetu haianzi na bomba. Huanza pale mtu mmoja anapoamua kwamba yeye haulizwi. Na nimejifunza kwamba toba ya chumbani ni ya mtu na Mola wake, lakini kosa ulilolitoa kwa kipaza sauti ulifuate kwa kipaza sauti, hata ukiwa umezeeka na nauli ni ghali.

Ijumaa iliyofuata, Voi. Imamu wetu aliniomba niwasimulie jamaa safari baada ya sala, na wengi wenu mlikuwapo. Nilipomaliza, Mwakio, fundi viatu, ambaye kawaida hulala hotuba zote, aliinua mkono. "Mzee Twalibu, kijana yule alisema wingi ukichagua ubaya ndoo inauhalalisha. Wewe mwenyewe hukumjibu. Jibu lako ni lipi?"

Nilikuwa na maneno mawili matatu mazuri ulimini, ya kumridhisha na kumkalisha. Niliyaacha.

"Sijui," nikasema. "Nani anajua?"

Mikono mitatu ilinyanyuka kwa pamoja, na wa kwanza kusema alianza kwa kueleza nilipokosea.